Kwa Nini Mbwa Mwenye Ndevu Hanyolewi kwa Wembe

Zamani hizo, kabla kidole cha mtu hakijajua njia ya mgongo wa mbwa, mbwa mdogo wa manyoya magumu hakuhitaji kutunzwa na mtu yeyote. Mvua za mwaka zilipokatika, manyoya yake ya zamani yalinyonyoka yenyewe kama ya kuku anayebadili manyoya, na mapya yakachipuka chini yake, magumu kama usumba wa nazi. Hakuna aliyemchana, wala hakuna aliyewaza kumgusa kwa chuma. Ninyi mnaocheka mkimwona mtu amempakata mbwa wake barazani, amejipaka majivu vidoleni, anamnyonyoa kidogo kidogo tangu asubuhi, mnauliza kwa nini asichukue wembe akamaliza kazi. Nyamazeni basi mwambiwe. Aliyeanza kushika wembe alikiona cha mtema kuni.

Katika kilima cha Mwarungu aliishi mwanamke aitwaye Nyamvula, pamoja na mumewe Ndoro na mama wa mume, Bi Mbodze. Chakula chao kilitoka kwenye shamba la mihogo lililokuwa mteremkoni, na mlinzi wa mihogo hiyo alikuwa mbwa mdogo, mfupi wa miguu, mwenye ndevu na nyusi za kizee. Ndoro alimwita Sihofu, na hakumpa jina hilo kwa mzaha. Nungunungu, yule mwizi anayefukua mihogo na kuiacha imetafunwa nusu, hushinda mchana kutwa shimoni. Sihofu alimfuata humo humo, kwenye giza lake, akamtoa mbio. Kisha alitoka amejaa udongo, akajikung'uta mara moja, akaenda kulala miguuni pa bwana wake kana kwamba alitoka kunywa maji tu.

Ndoro akapatwa na homa, akafa.

Alikuwa mzima wa kulima jana yake. Nyamvula hakulia siku ile wala iliyofuata, na kila aliyempa pole, yeye alimtazama kama mtu anayesemeshwa kwa lugha ya ugenini. Aliyelia alikuwa Sihofu. Alikwenda kulala juu ya udongo mbichi wa kaburi, na kila jua lilipoinama alipaza sauti mpaka watu wakaziba masikio.

Sasa watu wa Mwarungu walikuwa na desturi yao. Siku ya kuanua matanga, kila aliyekula chungu kimoja na marehemu alinyolewa, na nywele zikazikwa nyuma ya nyumba. Asiyenyolewa aliaminiwa kuwa bado amekibeba kifo kichwani, na kifo kilichobebwa hutafuta mahali pa kutua. Mnyoaji alikuwa Mzee Chigamba, baba mdogo wa marehemu, mtu mwenye wembe mkali na ulimi mkali kuushinda wembe. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Siku ile kila kichwa pale uani kilikuwa kimelowa, kikingoja zamu yake. Akamnyoa Bi Mbodze, akamnyoa Nyamvula, akawanyoa majirani. Alipomaliza, akafuta wembe kwenye paja, akanyoosha kidole kuelekea kaburini.

“Na yule? Hakula chungu kimoja na Ndoro?”

Watu wote wakageuka. Sihofu aliinua kichwa, ndevu zimejaa udongo.

“Manyoya yote yale,” akasema Mzee Chigamba. “Mnajua yamebeba nini?”

Nyamvula akahisi baridi kwenye kichwa chake kipya kisicho na nywele. Alikuwa amebakiwa na wawili tu chini ya paa lake, mama mkwe na mbwa, na sasa aliambiwa mbele za watu kwamba kifo kimelala pale pale uani, kinachagua. Akamwomba mzee amnyoe na mbwa.

“Mimi?” Mzee Chigamba akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. “Wembe wangu ni wa vichwa vya watu!”

Ndipo Nyamvula alipoingia ndani akatoka na wembe wa Ndoro mwenyewe, ule aliokuwa akinyolea ndevu. Bi Mbodze akamshika mkono mlangoni.

“Mwanangu, acha. Manyoya ya yule hudondoka yenyewe wakati wake ukifika. Ndoro hakuwahi kumwekea chuma.”

“Mama, nimezika mmoja,” akasema Nyamvula. “Wa pili sitamweza.”

Bi Mbodze akamwachia. Naye alikuwa amezika mwana.

Nyamvula alitarajia kung'atwa. Alimwita Sihofu, akampandisha juu ya kinu kilichofudikizwa, akamwonyesha wembe ili azoee. Mbwa akaunusa. Chuma kile kilikuwa bado kina harufu ya mashavu ya Ndoro. Sihofu akakinusa tena, akatikisa mkia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akasimama wima, ametulia tuli, akakubali kufanywa lolote. Nyamvula alipoona mkia ule, machozi yaliyomkatalia siku zote yakamtoka, akanyoa huku analia. Akaanza shingoni, akashuka mgongoni, akamaliza tumbo na miguu. Alipofika usoni, macho ya mbwa yalimtazama chini ya zile nyusi, na mkono wake ukagoma. Akaziacha nyusi. Akaziacha na ndevu.

Alipomshusha, watu walipigwa na butwaa. Lo! Huyu ndiye Sihofu? Kiwiliwili kimekuwa kidogo kama cha kifaranga aliyelowa mvua, na juu yake limebaki zee zima la kichwa, na ndevu zake. Watoto wakacheka mpaka wakagaagaa. Mzee Chigamba naye akacheka, akasema msiba sasa umekwisha. Lakini Bi Mbodze hakucheka. Aliinama, akapitisha kiganja mgongoni na ubavuni pa mbwa, akarudia tena, kisha akajishika kifua.

“Nyamvula, njoo uone. Miaka yote hii anaingia mashimoni, kwenye miba na meno na makucha. Nionyeshe kovu.”

Nyamvula akatazama. Hapakuwa na kovu hata moja. Ngozi ilikuwa laini, nyeupe, kama ya mtoto aliyezaliwa juzi. Kitu kikamshtua moyoni, lakini hakukipa jina. Alizika manyoya pamoja na nywele za watu, akajiambia amefanya lililompasa, na usiku akalala.

Manyoya yalirudi, ila yalirudi mengine. Yalitoka laini kama sufi, meupe-meupe, ya kupendeza kushika. Wanawake waliokwenda kisimani walisimama kumpapasa, wakasema mjane kapata mto wa kulalia. Nyamvula aliwacheka, na kucheka kwenyewe kulimfaa. Alimwosha, akamchana, akamlaza karibu na meko. Kumbe alikuwa akimpamba mgonjwa.

Mwaka ule mvua za vuli ziligoma. Mahindi yakakauka yakiwa bado hayajabeba, na nyumba ile ya wanawake wawili ikabaki na mihogo tu mpaka msimu mwingine. Nungunungu nao hawakuwa na kwingine pa kula. Asubuhi moja Nyamvula alishuka shambani akakuta tuta zima limefukuliwa, mihogo imetafunwa na kutupwa, akaketi chini palepale. Kabla hajapiga ukelele, Sihofu alikwisha kuona nyayo. Alizifuata mpaka kwenye shimo lililokuwa chini ya kichuguu, akaingia bila kugeuka nyuma, kama alivyokuwa akiingia siku zote. Nani angemwambia kwamba yeye si yule wa jana?

Nyamvula alisikia kelele chini ya ardhi. Alizizoea, mumewe alikuwa akizicheka. Halafu akasikia sauti asiyoizoea.

Sihofu alitoka kinyumenyume, polepole. Nyamvula alimwona mkia, akaona mgongo, na jembe likamwanguka mkononi. Miiba ya nungunungu ilikuwa imemsimama mwili mzima, mabegani, mbavuni, mapajani, mingine imezama mpaka katikati, na sufi ile nyeupe imegeuka nyekundu. Mahali pasipokuwa na mwiba hata mmoja ni usoni, pale zilipobaki ndevu na nyusi za zamani. Miiba ilikuwa imefika hapo, ikateleza.

Nyamvula alipiga ukelele uliosikika kilima kizima. Hakulia kwa ajili ya mihogo. Alikuwa ameelewa. Alichokuwa amekinyoa siku ile kilikuwa ndicho Sihofu alichojifunikia miaka yote, na aliyemvua ni yeye, kwa mkono wake, kwa wembe wa mtu aliyempenda mbwa huyu kuliko wote. Alikuwa akikimbia kuzika wa pili, na sasa wa pili alikuwa amelala miguuni pake, akihema.

Alimbeba mpaka nyumbani juu ya kanga, asijue pa kumshika. Watu wakakusanyika. Mzee Chigamba akafika, akatazama, akatikisa kichwa.

“Msiba wa kujitakia hauna kilio,” akasema.

“Basi usilie,” akajibu Bi Mbodze. “Shika miguu ya mbwa.”

Mzee akapiga magoti, akashika miguu. Mmoja akasema miiba ikatwe kwa wembe. Nyamvula aliposikia neno hilo alikataa katakata, na Bi Mbodze akasema mwiba ukikatwa hubaki ndani ukatembea mpaka moyoni. Akachota majivu baridi mekoni, akampaka Nyamvula vidole ili visiteleze, akamwelekeza: ngozi uibane kwa mkono huu, vuta kwa ule, vuta kufuata unakolala, usipinde, usifanye haraka.

Nyamvula akavuta wa kwanza. Ulitoka, na pamoja nao kikatoka kishungi cha manyoya laini, na mzizi wake. Akavuta mwingine. Kila mwiba ulitoka na kishungi chake. Sihofu aliguna, akatetemeka, lakini hakumng'ata. Kitu kilichomshangaza Nyamvula kuliko vyote ni hicho: kwamba aliyeumizwa hakumwonyesha meno. “Nisamehe, baba,” akawa anamwambia kila avutapo, na waliosikia hawakujua anamwambia mbwa au anamwambia Ndoro. Jua lilikuwa limeanza kushuka walipotoa mwiba wa mwisho, na ukutani palikuwa na rundo la miiba na sufi.

Homa ikampanda Sihofu. Hakula. Nyamvula alimnywesha uji kwa kidole, akamlalisha karibu naye, na kila alipoamka aliweka kiganja ubavuni pake, akiogopa atakuta pamepoa. Hakukuta. Siku moja mbwa akanyanyua kichwa mwenyewe, akalamba chungu, na Bi Mbodze akapiga kigelegele ambacho hakukipiga tangu harusi ya mwanawe.

Vidonda vilipofunga, Nyamvula aliona jambo akamwita mama mkwe kwa sauti ya kutisha, mpaka bibi wa watu akaja mbio na mwiko mkononi. Pale palipokuwa na sufi iliyobaki, ilibaki sufi. Lakini kila mahali alipong'oa mwiba na kishungi chake palichipuka unyoya mpya, mweusi, mgumu kama usumba. Sihofu alikuwa na madoadoa kama kanga. Bi Mbodze akaugusa unyoya mmoja, ukamchoma kidole. Wakatazamana.

“Yametoka kwa vidole,” akanong'ona Nyamvula. “Mama, chuma kiliyaua, na vidole vimeyaita.”

Akachota majivu. Akaketi na Sihofu mapajani, akaanza kunyonyoa sufi yote iliyosalia, kishungi baada ya kishungi, kufuata kinakolala, bila haraka. Ndevu hakuzigusa, nyusi hakuzigusa. Alipomaliza kazi hiyo aliuchukua wembe wa Ndoro, akauzika nyuma ya nyumba mahali pale pale palipozikwa nywele. Na Sihofu alipovaa tena vazi lake, alishuka mwenyewe mteremkoni, akaingia shimo lile lile. Nyamvula alisimama nje, mikono kichwani. Nungunungu ndiye aliyetoka mbio, akavuka bonde, hakurudi. Sihofu akatoka amejaa udongo, akajikung'uta mara moja. Mihogo iliyobaki iliwafikisha msimu.

Na tangu siku hiyo mbwa mdogo wa manyoya magumu hamwagi manyoya yake mwenyewe, kwa sababu wembe uliyasahaulisha njia. Humngoja mtu wa kuyavuta kwa vidole na majivu. Atakayemnyoa kwa uvivu atapata sufi, na mbwa wake akitoka shimoni amejaa miiba asiulize kulikoni. Tangu siku hiyo ndevu na nyusi zake huachwa, maana ndizo pekee ambazo hazikuonja chuma. Na kwenye msiba mbwa hanyolewi. Mwenye nyumba humnyonyoa unyoya mmoja tu, akauzika pamoja na nywele zake, na huo unatosha.

Limebaki moja. Mtazameni vizuri mnapomaliza kumtunza. Hashuki mara moja mapajani. Hugeuka kwanza, akavinusa viganja vyako, kimoja, kisha cha pili, ndipo ajikung'ute aende zake. Watu wa Mwarungu husema anatafuta kama umeficha wembe. Bi Mbodze aliwabishia mpaka siku anakufa. Alisema mbwa yule hatafuti wembe. Anatafuta ile harufu iliyokuwa kwenye wembe.