Sauti ya Kompyuta ya Kiboko

Paukwa!

— Pakawa!

Mnanisikia huko nyuma?

— Tunakusikia!

Basi mna bahati kuliko Kiboko.

Hapo kale, nyenje ndio walioimba kwenye harusi zote za porini. Wakimaliza kuimba hupewa sinia lao la pilau, na watoto wao hulala wameshiba. Siku moja Kiboko akaleta kompyuta na spika mbili kubwa kama makabati. Akapiga marufuku: "Nyenje wakome! Zile si nyimbo, ni kelele!" Sinia la waimbaji akalila yeye, peke yake, mpaka ukoko. Mzee Nyenje na wanawe wakalala njaa, na roho ikamuuma sana.

Na Kiboko alikuwa na maringo, jamani, kwa kuwa kompyuta yake inaendeshwa na Linux, mfumo wa mafundi! Ukimsalimu: "Mimi natumia Linux." Ukimuuliza bei ya ndizi: "Mimi natumia Linux."

Ikafika harusi ya binti wa Swala. Kiboko akachoka kusimama, akaketi. Akaketi wapi? Juu ya kibodi. Pu! Muziki ukakatika.

Kiboko akazima, akawasha: jii! Akachomoa waya, akachomeka: jii! Akanakili kutoka mtandaoni amri ndefu asizojua maana yake, ta-ta-ta-ta: jii! Bibi harusi hatoki ndani bila wimbo. Wapishi wakaanza kufunika masufuria. Hapo ndipo jasho lilipomtoka Kiboko.

"Mwiteni Nyenje," akanong'ona. "Ana masikio mazuri yule."

Nyenje akaja, tii, tii, tii. "Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba, marahaba. Haraka!"

Nyenje akafungua dirisha la vipimo vya sauti kwenye kioo cha kompyuta. Akaona papo hapo: kwenye mstari wa spika pameandikwa MM, yaani sauti imefungwa. Angebonyeza herufi moja tu, M, ingefunguka. Nyenje akaitazama ile herufi. Akawakumbuka wanawe. Akafunga dirisha.

"Mzee, wewe si unatumia Linux?"

"Tangu enzi!"

"Basi unajua kwamba sauti ikishikwa na njaa hujificha ndani ya spika."

Kiboko hakujua. Lakini angekirije? "Najua sana. Nilikuwa nakupima tu."

"Na unajua dawa yake ni sinia zima la pilau nyuma ya spika, na mtu asichungulie."

"Hilo nililijua kabla hujazaliwa!"

Sinia likaletwa. Nyenje akaita mkewe, akaita wanawe, wakaingia nalo ndani ya spika. Wakala, wakashiba, wakajinyoosha. Kisha: kriii! Kriii! Kriii! Lile kabati likavuma mpaka ng'ambo ya mto. Bibi harusi akatoka, vigelegele vikapasua anga.

Kiboko akatikisa kichwa, machozi yakimlengalenga. "Sikieni sauti safi hiyo! Nyenje wangeweza haya?"

"Thubutu!" ikajibu spika.

"Mmesikia?" akasema Kiboko. "Hata kompyuta yenyewe imesema."

Tangu siku hiyo kila harusi sinia linatangulia nyuma ya spika, Kiboko mwenyewe ndiye mbebaji, na ile MM iko palepale.

Hadithi nimeifunga, mwenye kidole aifungue. Na funzo lake, watoto: msiseme uongo, maana njia ya mwongo ni fupi. Ya Nyenje ina urefu wa spika moja, na bado anakula pilau humo.