Nyasi za Shule na Kiti cha Simba

Paukwa.

Pakawa.

Hiyo pakawa imetoka kwa watatu tu. Wengine mmefuata karanga zangu? Paukwa tena.

Pakawa!

Haya, sasa ndiyo. Hapo zamani za kale, kabla kuku hajajua mlango wa mtu, wanyama wa msituni walikuwa na shule moja na walimu watatu. Kanga alifundisha kusoma. Nungunungu alifundisha hesabu, na hakuna mtoto aliyethubutu kumsogelea. Kobe, mzee kuliko wote, alifundisha kila kitu, polepole.

Shule ilikuwa na kuta, paa haina. Si kwamba wazazi walikuwa wachoyo, la. Kila mavuno kila nyumba ilipeleka kwa Mfalme Simba mzigo mmoja wa nyasi za kuezekea shule. Simba anapokea, anasema asanteni, anauweka chini, anaukalia. Mwaka huu mizigo, mwaka ujao mizigo, kiti kikapanda mpaka masikio ya mfalme yakagusa dari.

Sasa masika yakakaribia. Fisi, waziri wa Simba, akatangaza: mvua ya kwanza ikinyesha darasani, shule inafungwa, watoto warudi kwao.

Kanga alilia aliposikia. Watoto wake walikuwa ndiyo kwanza wamefika herufi M. Akaenda kwa mfalme, peke yake.

"Mfalme wetu, tunaomba nyasi za shule."

Simba akamtazama kutoka juu kule. "Mwalimu Kanga, kazi yenu ni ya wito. Mwenye wito halowi. Ngoja kidogo, nyasi zinakuja."

Kanga akarudi, akangoja. Nyasi hazikuja.

Akaenda Nungunungu, naye peke yake, miiba imemsimama.

"Mfalme wetu, tunaomba nyasi za shule."

Fisi akadakia. "Tumeunda kamati. Kamati imekula, sasa imelala. Ikiamka itawaita. Ngoja kidogo, nyasi zinakuja."

"Mbona naziona, mfalme amezikalia?"

"Hizo ziko kwenye mchakato," akasema Fisi.

Nungunungu akarudi, akangoja. Kamati haikuamka.

Nawauliza, kidole kimoja kinavunja chawa? Hakivunji. Walimu wakakutana, wakaunda chama. Chama cha watu watatu, msicheke.

Kobe akasema, "Ninyi mnakwenda mbio mno. Huyo Simba nilimfundisha mimi. Na Fisi pia, ingawa sijisifu. Safari hii twende sote, na watoto wote, kwa mwendo wangu."

Kwa mwendo wake wakaondoka Jumatatu, wakafika Alhamisi. Mawingu yameshakuwa meusi.

Kobe akaingia barazani. Hakuinama. Alikohoa tu, kile kikohozi chake cha kila asubuhi mlangoni pa darasa.

Lahaula! Simba akajikuta chini, wima, mikono nyuma. Fisi wima. Tembo wima. Baraza zima likaimba, "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba," akajibu Kobe.

Na sheria ya darasa mnaijua. Mwalimu asiposema kaeni, hakuna kukaa. Kobe hakusema.

Nungunungu akawakonyeza watoto. Wakaubeba mzigo wa kwanza, wakatoka nao. Wakaubeba wa pili, wakatoka nao. Wakaubeba wa tatu, na Simba anaona kiti chake kinakwenda zake. Atasemaje, na darasani husemi kabla hujanyoosha mkono? Akanyoosha mkono.

"Ndiyo, Simba."

"Mwalimu, kiti changu."

"Jibu kwa sentensi kamili. Nyasi hizi ni za nani?"

Simba akamtazama Fisi. Fisi akatazama dari.

"Nyasi hizi ni za shule, mwalimu."

"Na zilikuwa wapi?"

"Zilikuwa chini yangu, mwalimu."

"Vizuri. Fisi, unacheka nini? Kamati imeamka?"

Wakabaki wima mpaka alasiri. Tembo anabadili mguu wa kusimamia. Huko shuleni watoto wa nyani wako juu wanaezeka, wa digidigi wako chini wanawarushia nyasi. Mvua ikapiga. Kanga, aliyeondoka na watoto, akaja mbio, mabawa yanachuruzika maji.

"Mwalimu Kobe, ndani hamvuji. Na watoto wamefika herufi N."

Kobe akafuta macho, maana mzee alifurahi kweli. Kisha akasema, "Kaeni."

Simba akajitupa nyuma kama alivyozoea. Kiti hakipo. Pu! Mpaka leo simba analala chini kwenye udongo mtupu, mkidhani anapenda.

Aliyekufundisha kusimama, usilikalie paa lake. Nanyi mnaodai haki yenu, nendeni pamoja. Mkienda mmoja mmoja mtaambiwa ngoja kidogo.

Yangu nimeifikisha. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chachu, nirudishieni nijilambie mwenyewe. Na karanga zangu, nani kazimaliza?