Tope la Kifuani

Mwenye tope kifuani, mbele yake yuko mtu. Mmelisikia neno hilo leo asubuhi, katibu alipomjibu yule kijana aliyekuja kututambia kwa medali yake, na nimewaona mkicheka kwa sababu wakubwa wamecheka. Afadhali mmeuliza. Methali nyingi tumeachiwa na wahenga na hakuna anayemjua mwenyewe. Hii ina mwenyewe, na hadi leo anaendesha baiskeli. Ilizaliwa hivi.

Wakati huo chama chetu cha waendesha baiskeli hapa Singida kilikuwa na watu wachache na maneno mengi. Kilikuwa na desturi mbili ambazo ninyi mmezikuta zimelegea. Ya kwanza, kabla ya safari ndefu kila mwendeshaji alisimama na baiskeli yake mbele ya wenzake, akaeleza vifaa vyake kimoja kimoja, na mwenye swali akauliza. Ya pili, mtu akifika hakunawa wala hakubadili nguo mpaka asimulie safari yake. Mzee Ntandu, mwenyekiti, ambaye goti lilikuwa limekwisha kumnyima barabara, alisema hadithi iliyoogeshwa haiaminiki. Alikuwa akiisikiliza hadithi huku akilitazama vumbi, na yeye ndiye aliyeamua nani aende wapi.

Mwaka huo vyama vya nchi tatu vilipanga kulizunguka Ziwa Viktoria kwa baiskeli, na Singida tukapewa nafasi moja. Walioitaka walikuwa wengi siku ilipotangazwa, na watatu tu siku ya kuitolea jasho.

Mmoja wao alikuwa Yusta Kitundu, mwalimu wa jiografia. Kwa miaka alikuwa amewachorea wanafunzi ziwa lile ubaoni, mstari wa chaki ukianzia Mwanza na kurudi Mwanza bila kuinuliwa. Barabara zote alizowahi kuendesha zilifika mahali, naye akageuza akarudi alikotoka. Aliitamani hiyo moja isiyogeuzwa, na aliitamani kwa namna ya mtu mwenye njaa, bila kuona haya. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: hakujua kusimulia. Angetoka asubuhi akarudi jioni, na ukimwuliza safari ilikuwaje angekujibu kwamba ilikuwa ndefu.

Wa pili alikuwa Eliakimu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Huyo alijua kusimulia. Alikuwa na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni, na baiskeli yake ilikuwa nyepesi kiasi kwamba aliinyanyua kwa vidole viwili kila alipoona mtu anatazama. Wa tatu aliitwa Mkumbo, kijana mzuri, ila hadithi hii haitakaa naye sana.

Mzee Ntandu aliamua wapimwe kwa safari ya kutoka Singida hadi Katesh, chini ya Mlima Hanang, uso kwa uso na upepo wa mashariki. Yeye na wanachama wengine wangetangulia kwa gari, wawasubiri kwenye banda la mama lishe mmoja pale Katesh.

Usiku wa kuamkia safari mvua ilinyesha. Asubuhi vifaa vilikaguliwa kama kawaida. Eliakimu alieleza jezi yake ya kubana, viatu vyake vya kunasa kwenye pedali na miwani yake isiyoshika ukungu. Lakini siku hiyo kipenzi chake kilikuwa madigadi ya mbele, kile kikinga tope cha juu ya gurudumu, nyembamba, nyeusi, aliyoiagiza kutoka ng'ambo. Aliipapasa akisema kwamba ukipita nayo kwenye dimbwi kifua kinabaki kama kimetoka kupigwa pasi, tone haligusi. Mtu akauliza, hata moja? Akajibu, hata moja, na likigusa yuko tayari kuitafuna madigadi yenyewe mbele ya halaiki.

Zamu ya Yusta ilipofika watu walicheka kabla hajafungua mdomo. Baiskeli yake ilikuwa ya mbio kweli, lakini ya mtumba, na madigadi zake zote mbili alikuwa amezikata mwenyewe kutoka kwenye dumu la njano la mafuta ya kula. Maandishi ya kiwanda yalikuwa bado yanasomeka. Eliakimu alisema chama kitaaibika huko Katesh, watu watadhani tumekwenda kuuza mafuta. Kisha akaitikisa ile ya nyuma, ikapiga kelele, na Mzee Ntandu, ambaye hakupenda kitu kinachogongagonga, akamwambia Yusta aitoe. Yusta akaitoa. Eliakimu akasema basi na ya mbele nayo itoke. Yusta akafunga begi lake la zana. Alisema ya mbele haitoki, na atakayeona aibu asitazame.

Wakaondoka watatu. Jua halijapanda sana mnyororo wa Mkumbo ukakatika, na kiungo cha akiba alikuwa amekisahau nyumbani juu ya meza. Ikabidi arudi na lori la mahindi. Ndiyo maana yaliyotokea mbele hayakuwa na shahidi; mimi nimeyaokota baadaye kwa wote wawili, kidogo kidogo.

Mnaijua sheria ya upepo. Wawili wakikutana nao, mmoja hutangulia akaukata, mwenzake hukaa mgongoni akapumzika, kisha hubadilishana. Anayekaa mbele anafanya kazi ya watu wawili. Anayekaa nyuma akinyamaza anaweza hata kusikia tumbo lake likiunguruma.

Yusta alitangulia kwanza, kwa sababu mtu lazima atangulie. Alipoona amefanya sehemu yake akajitoa pembeni apishe. Eliakimu naye akajitoa pembeni, akapunguza mwendo, akasema zamu yake inakuja, mwalimu avute tu mpaka ule mnara wa simu. Mnara ulipopita akasema mpaka kilima kile. Kwenye kilima akasema anakula ndizi. Kila Yusta alipopunguza, Eliakimu alipunguza zaidi, na wote wawili wakawa karibu kusimama katikati ya barabara kama mbuzi wanaogombea kupishana darajani.

Ninyi mngemwacha, najua. Yusta alikuwa na miguu ya kumwacha, na hasira ya kutosha. Lakini chama kilikuwa na amri iliyozidi zote: waliobaki wawili njiani wafike wawili. Mwenzako akipata pancha au akaanguka peke yake porini, huna la kuwaambia watu wake. Yusta hakutaka kupewa ziwa kwa kumtupa mtu. Basi akainamisha kichwa akavuta. Alivuta kwa hasira, na hasira ikampa nguvu, na hakuona sababu ya kuitubia.

Wakafika pale daraja lilipokuwa likijengwa upya. Magari yalikuwa yanapitishwa kwenye mchepuko wa udongo mwekundu, na mvua ya usiku ilikuwa imeugeuza uji. Gurudumu la nyuma la Yusta, lililovuliwa madigadi yake asubuhi, likaanza kurusha. Lilimrushia yeye mgongoni, na lilimrushia Eliakimu kifuani, shingoni, na kwenye ile miwani isiyoshika ukungu. Yusta alimsikia akitema mate. Akamwambia apite mbele kama tope linamsumbua. Eliakimu hakupita. Mbele kulikuwa na upepo, na yeye alikuwa radhi ale tope kuliko kula upepo.

Hivyo ndivyo walivyokwenda mpaka Hanang ukajaza macho. Midomo ya Yusta ilikuwa imepasuka, na kiuno hakukihisi tena. Barabara ilipoanza kuteremka kuingia mjini, na mabanda yakaonekana, Eliakimu akachomoka nyuma yake na miguu ambayo haijachoka kabisa, akampita bila neno, akafika kwanza.

Watu walimwona hivyo: wa kwanza, mwekundu kuanzia usoni hadi tumboni, miwani ameivua, macho tu ndiyo yaliyokuwa yanang'aa. Wakasimama wakampigia makofi. Kisha akafika Yusta, kifua kisafi na jezi ikionekana rangi yake. Mama mmoja aliyekuwa akinywa chai akasema huyu dada kumbe alikuwa anatembea tu.

Eliakimu alisimulia. Haki ya Mungu, alisimulia vizuri. Upepo ule aliupa meno na kucha, na mchepuko aliupa kina cha mto. Akajipiga kifuani, akasema hadithi yote wanaiona imeandikwa hapa. Kisha akafanya kitu ambacho Yusta hakukitegemea: akamsifu. Alisema mwalimu amejitahidi sana kwa mwanamke, na kwamba yeye Eliakimu alihakikisha anamkinga na upepo njia nzima ili wafike pamoja, kama amri inavyotaka.

Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Yusta alikuwa ameshika kikombe cha chai. Akakiweka chini polepole, maana alijua akiendelea kukishika kitapaa.

Mzee Ntandu akamgeukia. Alisema kwa desturi naye asimulie, ingawa kwa sauti yake ilikuwa wazi kwamba jina la Eliakimu lilikwisha kumkaa mdomoni. Akaongeza kwa utani kwamba leo mwalimu amefika msafi kama anakwenda ibadani.

Yusta akasimama. Hakumtazama mwenyekiti. Alimtazama Eliakimu.

"Kaka Eliakimu, madigadi yako ya mbele haikuvunjika njiani?"

Eliakimu akacheka. "Hii? Hii haivunjiki, mwalimu."

"Wala haikulegea pale kwenye tope?"

"Hailegei. Ilikaa vilevile kama nilivyoifunga asubuhi."

"Asubuhi ulituambia tone haligusi kifua."

"Na haligusi," Eliakimu akasema, mkono wake tayari ukiipapasa. "Ningekuwa muongo?"

Wapenda vifaa ni watu wa ajabu, wanangu. Mtu wa namna hiyo utamtukana yeye akakusamehe, ila baiskeli yake hutaigusa. Eliakimu angesema tu kwamba madigadi ni mbovu, ametapeliwa, na mambo yangeishia hapo. Hakuweza. Aliitetea mpaka mwisho.

"Basi hilo la kifuani," Yusta akauliza, "limerushwa na gurudumu la nani?"

Watu wakatazama kifua cha Eliakimu, wakatazama madigadi yake, wakarudi kifuani. Eliakimu akafungua mdomo, akasema labda lori lililopita. Mtu mmoja akauliza lori gani hilo linalopita katikati ya kifua likaacha mabega yakiwa masafi. Kutoka nyuma kabisa, sauti nyingine ikauliza kama atahitaji chumvi ya kutafunia madigadi.

Yusta hakucheka. Aligeuka, akawapa mgongo wote waliokuwa pale, na mgongo huo ulikuwa umejaa tope jekundu kutoka kiunoni hadi kwenye kofia. Akaongea hivyohivyo, bila kuwageukia.

"Mimi langu liko huku. Ndilo la aliyetangulia. Mwenye tope kifuani, mbele yake yuko mtu, na mtu huyo ni mimi. Sikukingwa na yeyote."

Mzee Ntandu aliutazama mgongo ule. Naye alikuwa ameendesha miaka mingi, na nadhani alijiona mjinga, maana tope lilikuwa mbele ya macho yake naye akalisoma kinyume. Lakini wazee hawapendi kuona desturi inarukwa. Akasema kwa upole kwamba ni kweli, ila sheria inataka mtu asimulie, na mwalimu bado hajasimulia.

Hapo Yusta akageuka.

"Nimeshasimulia, mzee. Hadithi yangu ameivaa yeye."

Mzee Ntandu akainuka kwa goti lake bovu, akamwendea, akampa mkono. Ziwa likawa lake pale pale, mbele ya sufuria za mama lishe. Eliakimu alikwenda kunawa, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemngoja arudi ndipo waanze kula.

Siku ya kuondoka kwenda Mwanza, Yusta alisimamisha baiskeli yake mbele ya wanachama. Madigadi zote mbili za dumu zilikuwa mahali pake, ya nyuma ikigonga kuliko zamani. Alisema ile ya nyuma si yake, ni ya atakayemfuata. Hakuna aliyemwambia aitoe.

Sasa sikilizeni mwisho wake, maana hapa ndipo wengi wanaposema methali hii vibaya. Wanadhani tope la kifuani ni aibu. Yusta aliporudi kutoka kwenye ziwa lake alifika pale kwetu na jezi ya safari ambayo hakuifua, na kifua chake kilikuwa na tope mpaka kwenye kola. Watu wakaguna. Eliakimu, ambaye kwa muda alikuwa haonekani vikaoni, siku hiyo alikuwepo, na nadhani alitabasamu kidogo.

Mzee Ntandu akamwambia asimulie. Yusta akagusa tope lake, akasema kwamba upande wa Uganda upepo na mvua vilimshinda, akawa hana miguu, na mbele yake alikuwa Nabirye, mama mtu mzima wa Jinja mwenye mvi, aliyemvuta kutwa nzima bila kumwomba zamu. Akalitaja jina hilo kabla hajasema lolote la kujisifu. Kisha akasema barabara ile kweli haigeuzwi, na akakaa. Hiyo ndiyo hadithi ndefu kuliko zote alizowahi kutusimulia.

Basi yule kijana wa medali hakuambiwa aivue. Hata mimi tope la kifuani ninalo, na ninyi mnalo, hakuna aliyefika popote bila kukaa mgongoni mwa mtu. Katibu alikuwa anamdai tu jina la aliyekuwa mbele yake, na akilificha jina hilo, ajue kwamba iko siku mwenye nalo atasimama na kumgeuzia mgongo mbele ya watu. Mwenye tope kifuani, mbele yake yuko mtu.