Kilemba Alichojitwika Konokono

Kabla konokono hajajua kujificha, alikuwa akitembea mchana kweupe, kichwa juu, mgongo mtupu. Mtu akipita humsalimu, naye huitikia. Mwanaharusi, mjukuu wangu, hebu iweke kwanza hiyo chupa ya dawa kando ya sanduku lako la kioo la samaki, usiwamwagie konokono wako bado. Na nyinyi wengine sogeeni. Nawapa kama nilivyopewa, na Mungu ndiye ajuaye zaidi.

Katika mji mmoja wa mawe palikuwa na msikiti wenye birika la maji baridi ambamo watu walitawadha. Ndani ya birika mlikuwa na samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Mlinzi wa birika aliitwa Mbwarahaji, na kwa heshima ya kazi ile wazee wa mji walimvika kilemba cheupe. Alikipenda mno. Kama si mkewe kumkataza, angelala nacho.

Siku moja aliona birika lake halijapendeza vya kutosha. Akaenda bwawani, akang'oa mayungiyungi, akayatia majini vilevile na matope yake, hakuyasuuza wala kuyageuza. Chini ya jani moja walikuwamo Konokono na mkewe.

"Hodi," akasema Konokono. "Tumekuja na jani."

"Karibuni," akasema Mbwarahaji.

Siku ya tatu Konokono, kwa adabu zake, mwenyewe akaomba jembe. Akapewa kazi ya kulamba utando wa kijani ukutani, na mawe yakang'aa.

Ubaya ulitoka kwenye mkono wa Mbwarahaji. Alikuja kuona kwamba akiwalisha samaki wakati watu wanatawadha, watu husema, "Mashallah, tazameni mkono wa kutoa!" Basi akawa analisha kila sala. Konzi ya wali alfajiri, konzi adhuhuri, na watu wakiwa wengi huongeza. Samaki wakashiba, wakawa wanautazama tu wali ukizama.

"Mwenyeji wangu, huku chini kumejaa," Konokono alimwambia. "Punguza."

"Wewe kula. Nani kakukataza?"

Konokono akala. Wanawe wakala, na wajukuu wakala, maana penye chakula cha kumwagika uzazi haukawii. Bi Mwanashee, mkewe Mbwarahaji, naye alisema lake: "Mume wangu, hao wanakuvika kilemba cha ukoka juu ya hicho cha kitambaa. Samaki gani hulishwa kila siku kama wako harusini?" Mbwarahaji akanuna, akaenda zake.

Ikafika Ijumaa moja, watu wamekuja kutawadha. Kuta zote zimefunikwa na konokono, mayungiyungi yametobolewa kama chekecheke, maji yananuka. Bwana mmoja mnene akateleza, akakaa majini na kanzu yake ya Ijumaa.

"Mlinzi," akauliza imamu kwa upole, "maji haya yamepatwa na nini?"

Mbwarahaji aliijua sababu kama alivyolijua jina la mama yake. Lakini alihisi kilemba kinalegea kichwani, akaogopa kuvuliwa mbele za watu. Akanyoosha kidole.

"Ni huyu mgeni. Mlafi! Nimemkaribisha kwa wema, naye kaniharibia birika."

Konokono alikuwa pale ukingoni, amekuja kuwasalimu watu wa Ijumaa. Akamtazama mwenyeji wake, akangoja labda ana neno jingine. Mbwarahaji alikuwa ameshikilia kilemba chake.

"Nilikula, kweli," akasema Konokono, na kwa mara ya kwanza akainamisha kichwa.

Watu wakawazoa kwa vikapu, wakawamwaga juu ya paa, kwenye sakafu ya chokaa, na jua la adhuhuri mnalijua. Kisha wakateka maji ya kisimani, wakatawadha, wakaingia kusali. Mbwarahaji naye akaingia. Alipoinama kusujudu, kilemba kikateremka kikakaa kati ya paji lake na mkeka. Akakisukuma juu, akasujudu tena, kikateremka tena. Akajua sijda yake haifiki.

Walipotoa salamu ya kumaliza sala tu, akasimama.

"Jamaa zangu, msitoke. Konokono alikula nilichomwaga mimi. Na nilimwaga ili mnisifu."

Watu walitazama mikeka, kwa kuwa sifa zile zilitoka midomoni mwao. Angetukanwa ingekuwa nafuu.

Akachukua kata ya maji, akapanda paani mbio. Watoto wote walikuwa wamekauka. Waliobaki hai ni Konokono na mkewe, wamejibana kwenye uzi wa kivuli cha ukuta. Mbwarahaji akafungua kilemba, akakichovya majini, akakichana vipande viwili, akawazungushia migongoni, mzunguko juu ya mzunguko.

"Nisamehe," akasema.

"Nimesamehe," akajibu Konokono. "Lakini nifunike na uso pia. Sitaki tena kuonwa nikila."

Kitambaa kikakaukia pale pale, kikawa kigumu.

Na tangu siku hiyo konokono hubeba kilemba kilichozungushwa mgongoni, na kivuli cha mtu kikimpitia huingia ndani, hula gizani. Na tangu siku hiyo walinzi wa mabirika huwalisha samaki vichwa wazi, kwa ncha za vidole, pasipo mtu wa kuwatazama. Mmea mgeni husuuzwa kwa maji ya chumvi na kugeuzwa kila jani kabla haujaingia. Konokono wakizidi, hawawamwagii sumu. Jioni hutia majini jani la mchicha lililochovywa maji moto, na alfajiri hulitoa taratibu pamoja na walioshikamana nalo. Kisha hupunguza chakula, la sivyo watarudi walewale.

Kwa hiyo, Mwanaharusi, chupa hiyo irudishe dukani. Nimeona wageni wakija unavyowamwagia samaki chakula, ili waone wanavyorukia. Walio kwenye kioo chako wamekula kilichomwagwa na mkono wako. Na ukimgusa mmoja akajifungia, usidhani anaona haya kwa lililo lake. Haya ile ni yetu, yeye amejitwika tu.