Nyani Aliyefungwa Mguu Usiouma

Mliokaa, mmekaa?
— Tumekaa.
Mwenye kisa aje vipi?
— Aje nacho mkononi, asije mikono mitupu.
Nimekuja nacho. Kina Kindi ndani yake, kina Nyani, na kina kisigino.
— Kitue tukione.

Wanyama wa upande huu wa mto walikuwa na mchezo wao. Walikamua utomvu wa mbungo, wakaufinyanga ukawa mpira. Wakatundika kikapu kwenye tawi la mkuyu. Anayeruka na kutia mpira kikapuni anaipatia timu yake pointi. Twiga alikatazwa kucheza tangu siku ya kwanza, kwa sababu alitia bila kuruka. Wakampa kazi ya uamuzi, kwa kuwa kichwa chake kilikuwa jirani na kikapu.

Kindi alikuwa mdogo kuliko wote uwanjani, na ndiye aliyekuwa nyota. Mpira ukidunda, du, du, du, Kindi yuko chini. Ukidunda tena, Kindi yuko juu. Chwaa, umeingia. Wengine walisema anaruka kama aliyesahau kwamba ataanguka.

Nyani alikuwa na nguvu na mikono mirefu. Yeye pia alitia pointi nyingi. Lakini watazamaji wakirudi nyumbani hawakuzungumzia pointi za Nyani. Walizungumzia mkia wa Kindi ulivyokuwa ukipepea hewani. Nyani alitembea nyuma yao akisikiliza, akitafuta jina lake katika mazungumzo yao, likakosekana si siku moja tu bali kila siku.

Siku moja mazoezini, Kindi alikanyaga chini ili aruke. Ta! Akaanguka. Akageuka kuuliza nani amempiga teke kisiginoni. Nyuma yake alikuwapo Nyani peke yake, tena mbali kidogo.

"Si mimi," Nyani akasema.

Hakuna aliyezoea kumwamini, lakini Twiga aliona kutoka juu, akathibitisha kuwa kweli hakuguswa.

Wakamwita Bi Kinyonga, mganga wa viungo. Alikaa mti wa jirani, akafika kesho yake. Alikipapasa kisigino kwa mkono mmoja, jicho moja likiangalia mguu na jicho la pili likiangalia uso wa Kindi. Akasema kano imekatika, ule ukamba mgumu unaoshika kisigino na shavu la mguu. Akaufunga mguu kwa magome mabichi, vidole vikielekea chini. Akaeleza kazi iliyopo. Kwanza kukaa. Halafu kusimama. Halafu kutembea. Kuruka mwisho kabisa.

"Ukiruka kabla sijasema ruka, itakatika tena," akamwambia. "Na ikikatika tena, usiniite."

Nafasi ya Kindi akapewa Nyani. Kindi akawekwa kwenye kichuguu pembeni mwa uwanja, mguu juu ya jiwe, aangalie. Aliangalia. Nyani akikosa, Kindi alitafuna karanga taratibu na kwa raha. Nyani akitia, karanga ilikuwa chungu.

Lakini Nyani naye hakufurahi. Nyani aliruka, akatia, chwaa. Twiga akasema, "Pointi." Watazamaji wakasema, "Kindi anaendeleaje?" Nyani aliruka tena, akatia tena, chwaa. Twiga akasema, "Pointi." Watazamaji wakasema, "Kindi ameanza kusimama?" Nyani akatia mpira huku amefumba macho. Twiga akasema, "Pointi." Watazamaji walikuwa wamegeukia kichuguu.

Nchi ile ilikuwa na desturi ya kumpa mgonjwa pole. Kila mtu alikwenda na kitu, na alimpelekea mgonjwa sawa na alicholetewa na mgonjwa huyo siku alipougua yeye. Kindi alikuwa hakosi kwa mgonjwa. Ngiri, kocha wao, alipovimba ufizi, Kindi alimpelekea viazi vilivyopondwa. Twiga alipoteguka shingo, Kindi alipanda mpaka juu kumlisha. Kwa hiyo sasa kwenye kichuguu palikuwa na ndizi, karanga, asali na mahindi mabichi, na mengine yalikuwa njiani.

Nyani naye alikuwa hakosi kwa mgonjwa. Alikwenda mikono mitupu, akasema pole, akala vya mgonjwa, akaondoka. Kwa Kindi alifanya hivyo hivyo kila siku. Alikaa, akamenya ndizi, akaangalia lile rundo, akaangalia ule mguu. Moyo ukamuuma. Yule hachezi, na bado anaulizwa. Yule amekaa tu, na bado analetewa.

Akaenda kwa Kocha Ngiri. Akasema Kindi amepona zamani, anakula tu. Akataka Kindi aruke mbele ya watu siku ya gulio. Akishindwa, nafasi ile iwe ya Nyani moja kwa moja. Ngiri alikuwa anawaza mechi ya fainali na timu ya ng'ambo ya mto, ambayo ingechezwa mwezi ukiandama. Alitaka kujua mapema nani yupo na nani hayupo. Akakubali.

Habari zilimfikia Kindi akiwa amesimama ukingoni mwa jiwe, anapandisha kisigino na kukishusha, anapandisha na kushusha, kama Bi Kinyonga alivyomfundisha. Bi Kinyonga alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kusimama umefika," akasema. "Kutembea bado. Siku ya gulio ukiruka, ndiyo itakuwa mara yako ya mwisho kuruka."

"Nisiporuka, nafasi imekwenda."

Bi Kinyonga akaufunga tena mguu kwa magome. Dawa ya hilo hakuwa nayo.

Kesho yake Nyani alikuja kama kawaida. Alisema pole, akakaa, akachukua ndizi.

"Bado inauma?" akauliza mdomo umejaa.

Kindi aliulaza mguu uliofungwa juu ya jiwe kama anayelaza mtoto. Akamwangalia Nyani kisigino. Akaangalia kwa muda, kisha akatikisa kichwa kwa huruma.

"Bwana Nyani, wewe kano yako ni hiyo hiyo uliyozaliwa nayo?"

Nyani akaacha kutafuna. "Kwani kuna nyingine?"

"Achana nayo. Nimeropoka."

"Kindi, ndugu yangu."

"Nimesema nimeropoka. Kula ndizi."

Nyani alirudisha ndizi chini, jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya. Alimbembeleza Kindi mpaka jua likasogea. Mwishoni Kindi akamsogezea mdomo sikioni. Akamwambia kwamba kano ikifungwa na kulazwa, inajikunja ndani kama upinde uliovutwa. Siku ya kufunguliwa, inamrusha mwenyewe mpaka akione kikapu kiko chini yake. Ndiyo maana Bi Kinyonga amemfunga. Watu wanadhani ni ugonjwa, basi wanaleta vyakula. Yeye hakuona sababu ya kuwakatalia.

"Ila usije ukajifunga," Kindi akasema. "Tukiruka wote wawili hivyo, mimi nitaangaliwa na nani?"

Nyani aliondoka bila kuaga. Njiani alijipapasa kisigino.

Mazoezi yaliyofuata, mpira ukadunda, du, du, du. Nyani alikimbia, akaruka. Akiwa bado hewani alipaza sauti, "Ta!" Kisha akaanguka, akashika kisigino.

Wote wakakusanyika. Twiga aliinamisha shingo kwa uangalifu.

"Huo mlio mimi nimeusikia huku juu," akasema. "Visigino viko chini."

"Nani kanipiga teke?" Nyani akauliza, kwa kuwa alikumbuka kwamba Kindi aliuliza hivyo.

Aliitwa Bi Kinyonga, akafika kesho yake. Akakipapasa kisigino, jicho moja likimwangalia Nyani na jicho la pili likimwangalia Kindi kwenye kichuguu. Kindi alikuwa anamenya karanga, hainui macho.

"Inauma?" Bi Kinyonga akauliza.

"Sana, bibi. Nifunge kama ulivyomfunga yule."

"Mimi namfunga anayesema inauma. Lakini kamba zangu nazifungua mwenyewe, na sizifungui mpaka mwezi wa pili uandame. Unakubali mbele ya hawa?"

Nyani alikubali mbele ya wote. Bi Kinyonga akamfunga magome mabichi kuanzia vidoleni hadi gotini. Kulipopambazuka yalikuwa yamekauka na kubana, na Bi Kinyonga alikuwa ameondoka kutafuta majani upande wa pili wa kilima. Nanyi mnajua anavyotembea.

Siku ya gulio ilifika. Ngiri hakumwambia Kindi aruke. Hapakuwa na mwingine wa kupewa ile nafasi, na kocha aliyebakiwa na mrukaji mmoja hamjaribu. Akampelekea mahindi mengine, akamwambia asiharakishe.

Nyani alilazwa juu ya mwamba wa njiani, mahali pa kuonekana. Alifagia pembeni yake nafasi kubwa ya kuwekea vyakula. Wageni walikuja. Alikuja Ngiri, alikuja Twiga, walikuja wa mbali na wa karibu. Nao walishika desturi. Kila mmoja alimletea Nyani sawa na alicholetewa naye. Walifika mikono mitupu, wakasema pole, wakakaa, wakaangalia huku na huku. Palikuwa na mafungu ya kuyu za Nyani mwenyewe. Wakala.

Akaja Kindi, anatembea polepole, kisigino kinagusa chini vizuri. Akasema pole, akakaa, akachukua kuyu.

"Hukuniletea kitu," Nyani akasema.

"Nimeleta kile kile ulichokuwa ukiniletea."

"Na hii kano, nahisi kama haijikunji."

"Ilaze," Kindi akasema, akachukua kuyu nyingine.

Mwezi ukaandama, wa kwanza. Timu ya ng'ambo ya mto ikavuka. Bi Kinyonga alikuwa amerudi kutoka kilimani. Alimkagua Kindi, akasema aruke, lakini aruke mara moja tu, na achague mwenyewe lini.

Kindi akacheza chini. Alipokea, akatoa. Alipokea, akatoa. Wengine wakatia. Wa ng'ambo nao wakatia. Kila mtazamaji alikuwa anaangalia kisigino kile. Kutoka mwambani Nyani alisikia mpira, du, du, du, lakini uwanja haukuonekana. Alinyoosha shingo mpaka ikauma. Hicho ndicho kiungo chake pekee kilichouma kweli.

Pointi zilikuwa sawa na jua lilikuwa linashuka. Mpira ukamfikia Kindi chini ya kikapu. Akakanyaga. Akaruka.

Hakufika alipokuwa akifika zamani. Kila mtu aliliona hilo, na yeye aliliona kabla yao. Aliusukuma mpira kwa ncha za vidole. Mpira ukazunguka mdomo wa kikapu, ukazunguka tena. Twiga akachungulia ndani.

"Umeingia," akasema.

Kelele zilifika mwambani. Kisha likafika vumbi, na nyuma ya vumbi umati, wanapita njia ile ile kurudi nyumbani. Nyani akajiweka sawa. Akautoa mguu nje ili uonekane. Akasikia wanaita jina lake, wanaliita wengi kwa pamoja, wanakimbia kuja kwake.

"Nyani! Nyani!"

Akalala chali, akakunja uso kama anayevumilia.

"Nyani," wakasema, "umesikia? Kindi amerudi."

Basi kisa hiki kinatufundisha kwamba wivu ni kitu kizuri. Nyani asingekuwa na wivu, asingefungwa. Asingefungwa, Kindi angelazimishwa kuruka siku ya gulio, na leo tungekuwa tunasimulia habari nyingine. Kwa hiyo ukiwa na jirani anayekuonea wivu, mtunze, mpe ndizi, umsifie na kisigino chake.

Nilikuja nacho, nimewaachia. Narudi vipi?
— Rudi mikono mitupu.
Na nikiugua mtakuja?
— Tutakuja na ulichotuletea: kisa, na njaa yetu.