Matangi Yenye Jina Langu

Shule zilipokaribia kufunguliwa baada ya korona, fedha za msaada zilinunua matangi sita ya kunawia mikono. Mimi, afisa elimu, niliyatamani kwa ajili ya ng'ombe wangu.

"Yapeleke nyumbani kwangu," nilimwagiza Bi Nambua, mpishi wa shule aliyeshika funguo za stoo yalimowekwa.

"Sawa, bosi. Niyaandike jina lako, yasipotee njiani?"

"Andika. Herufi kubwa."

Siku ya kufungua shule, wazazi walinipokea getini kwa vigelegele. Matangi sita yalikuwa yamepangwa pale, kila moja limeandikwa jina langu kwa herufi kubwa, na chini yake: AMEWAPA WATOTO WETU.

"Wanangoja hotuba, bosi," alisema Bi Nambua.

Nilihutubia nusu saa, hadi chozi likanitoka. Ng'ombe wangu bado wanakunywa kwenye beseni la mke wangu.