Nati Iliyotaka Kulia

Kilichokataa kushoto hufunguka kwa kulia. Jana mlinisikia nikimwambia hivyo shangazi yenu, naye akaenda zake kunawa uso, nanyi mkabaki mnatazamana. Leo mmenijia: bibi, methali hiyo umeitoa wapi, mbona shuleni hatujafundishwa? Hata mimi niliyeishia darasa la saba sikufundishwa. Kaeni. Mwenye kuchambua choroko na achambue huku anasikiliza.

Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na kijana wa Kwamnyembe aitwaye Mhando, na mkewe Siwema. Siku Siwema alipoolewa, baba yake, Mzee Semboja wa ng'ambo ya mto, hakumpa kitanda wala kabati. Alimpa pikipiki. Ilikuwa pikipiki ya zamani, nzito kama fahali, aliyoachiwa na daktari mmoja wa misheni, naye mzee akaitunza kwa mikono yake mpaka mvi zikamwota. Akawapandisha maharusi, akasema, "Hii ndiyo inayomchukua mwanangu, na hii ndiyo itakayomrudisha kuja kunisalimu."

Mhando aliipanda sana, lakini kuitia mafuta alikuwa mvivu. Meno ya sproketi ya mbele, kile kigurudumu kinachovuta cheni, yakaisha taratibu. Siku moja wanatoka sokoni, Siwema nyuma na gunia lake la muhogo, mvua inamwagika, cheni ikaanza kuruka. Kra! Kra! Pikipiki ikasimama katikati ya tope. Mhando akashuka, akaipiga teke, akasema neno ambalo mtu akilisema huwezi kulirudisha kinywani.

"Chuma chakavu! Chakavu kama ukoo uliokitoa."

Siwema alishuka, akajifunga kitenge kichwani, akaacha gunia palepale na kushika njia ya mto, kwao.

Mhando akatuma watu. Kwanza kaka yake: "Mwambie arudi, nyumba haina mtu wa kupika." Siwema akawa kama hakusikia. Kisha akatuma mshenga: "Mwambie mke hakai kwao bila ruhusa ya mumewe." Siwema akaingia ndani na kufunga mlango. Mhando hakuelewa. Kila alipovuta, mwenzake alizidi kwenda mbali. Mwishowe Mzee Semboja akajibu kwa niaba ya binti yake: "Asitume mtu tena. Aje mwenyewe, juu ya chuma hichohicho chakavu, Ijumaa kabla jua halijazama. Likizama, kesho yake wazee watakaa kuzungumzia talaka."

Hapo ndipo Mhando alipojua kuwa anampenda mkewe. Wengine hujua mapema, wengine hujua hivyo.

Ijumaa asubuhi akaikokota pikipiki mpaka kwa fundi Nyange, pale kwenye njia panda. Sproketi mpya anayo mkononi. Kazi ilikuwa ndogo: kufungua nati moja, kutoa kigurudumu kibovu, kutia kizima.

"Kazi ya kunywa chai hii," fundi Nyange akasema. Akaweka spana, akavuta kushoto kama anavyofungua nati zote duniani. Nati haikutikisika.

"Imelala," akasema. "Tutaiamsha."

Wakaimwagia mafuta ya taa, wakaiacha inywe. Wakavuta kushoto. Wapi! Wakaigonga kwa nyundo pembeni, tik tik tik, kutu iachie. Wakavuta. Wapi! Wakaipasha moto mpaka mafuta yakatoa moshi. Wakavuta. Wakachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana, wakalikaba gurudumu la nyuma kwa gogo, wakaning'inia wawili kama popo. Bomba likapinda.

"Fundi, mbona kama inazidi kukaza?" Mhando akauliza.

"Nati haizidi kukaza ukiwa unaifungua. Hayo ni mawazo yako ya nyumbani."

Wajukuu zangu, hapo nawategea kitendawili: nafungua, nakaza. Mmeshindwa? Msijali, hata Mhando alikuwa nacho mkononi na hakukitegua.

Jua likapita utosini. Fundi Nyange akainama kuitazama nati, akapangusa jasho. "Pembe zimeanza kuliwa, ndugu yangu. Zikiisha, spana haitakuwa na pa kushika. Itabidi tuikate, na tukikata, shafti, kile chuma inachokaa nati, nayo inakwenda. Pikipiki hii utaibeba kichwani."

Kando yao alikuwapo Bi Mwantumu, muuza mihogo ya kukaanga, mwanamke asiyepitwa na neno. "Kwani huyo aliyekupa pikipiki kafa?" akauliza. "Si umpigie simu?"

"Nimpigie mkwe?" Mhando akasema. "Na maneno niliyomtukania?"

"Basi usimpigie. Kesho wazee watakupigia wewe."

Mhando akasogea nyuma ya kibanda, akapiga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani?"

"Mimi, Mhando. Baba, nipo kwa fundi. Nataka kuja. Nati ya sproketi imegoma. Tumeitia mafuta, tumeipasha moto, tumeivuta mpaka bomba limepinda."

Mzee akashusha pumzi. "Nati ile haina ugomvi na mtu. Wenye kutumia nguvu wote huiumiza bure. Ile hufunguka kwa kulia."

"Kwa kulia, baba?"

"Kwa kulia. Taratibu, bila hasira. Na jua halikungoji." Akakata.

Mhando akarudi ameduwaa, simu ingali sikioni.

"Kasemaje?" fundi Nyange akauliza.

"Kasema nilie."

"Ulie?"

"Kasema nilie, taratibu, bila hasira."

Fundi akatazama nati, akamtazama Mhando, akaitazama nati tena. "Mimi nimefundishwa mafuta, moto na nyundo. Machozi sikufundishwa."

"Mkwe anakupima huyo," Bi Mwantumu akasema. "Ulimtukana, sasa anataka ulie ndipo akupe siri yake. Lia, baba. Sisi tutageuka tusikutazame." Wala hakugeuka.

Mhando hakujua afanye nini. Je, anadhihakiwa? Je, mzee ana dawa aliyoifunga humo? Akaketi juu ya tairi kuukuu. Akajaribu kulia, na machozi hayakuja, maana machozi ya kuagizwa huwa mazito kuliko nati. Kisha akaitazama pikipiki, kiti cha nyuma, pale palipochakaa kwa kukaliwa na mtu mmoja tu. Akamwona Siwema ndani ya mvua, anajifunga kitenge kichwani. Akakumbuka hata gunia hakulibeba, na yeye Mhando hakumwita. Kile alichokuwa akituma watu waende kumwambia hakikuwa na neno moja la kusema nimekosa. Kilikuwa amri tu, na amri tena.

Akalia. Alilia kweli, mabega yakitikisika. Mkono wake wa kuume ulikuwa umejaa oili, basi akajifuta kwa wa kushoto, nao ulifika jicho moja tu. Chozi la jicho la pili likateremka mpaka kidevuni.

Bi Mwantumu alikuwa na huruma, lakini ulimi wake haukuwa nayo. "Jamani, mwanamume analia jicho moja! Na lipi lile? La kulia!"

Mhando akainua uso. "Umesema la nini?"

"La kulia. Si hilo hapo linalovuja?"

Mhando akasimama. Kinywa wazi. "Fundi! Fundi, leta spana! Mzee hakusema nilie. Alisema hufunguka kwa kulia. Kulia! Siyo kushoto!"

"Kulia ni kukaza, ndugu yangu. Tukiikaza zaidi ndiyo basi."

"Sisi tumeikaza tangu asubuhi!"

Fundi Nyange akajikuna kichwa. Hakuwahi kuona nati ya kinyume. Akaweka spana kwenye pembe zilizobaki, kwa upole, kama anayemshika mtoto sikio. Akasukuma kulia. Hakuna. Akasukuma tena, na kutoka ndani ya chuma ikatoka sauti nyembamba, ng'wiiii, ndefu, ya kusikitisha.

"Sikilizeni," Bi Mwantumu akanong'ona. "Nayo inalia."

Ikafunguka.

Mhando alifika kwa Mzee Semboja jua likiwa limegusa kilima. Mzee alikuwa ameketi kibarazani. Hakuinuka.

"Ilifunguka?"

"Ilifunguka, baba."

"Kwa vipi?"

"Kwa kulia."

Mzee akamtazama machoni. "Na macho hayo mekundu je? Vumbi?"

"Si vumbi, baba. Nilikosea kusikia. Nilidhani umesema nilie, nikalia kwanza. Kisha ndipo nikageuza spana." Akapiga goti. "Baba, ukoo wenu si chakavu. Chakavu ni mdomo wangu. Nilipotuma watu, nilidhani nafungua, kumbe nakaza."

Pazia la mlango likasogea. Siwema akatoka, mikono kiunoni. "Ulilia kweli?"

"Kweli."

"Nani alikuona?"

"Fundi Nyange. Na Bi Mwantumu."

"Bi Mwantumu!" Siwema akaziba mdomo, akataka kununa, kicheko kikamshinda. "Basi mpaka kesho wilaya nzima itajua." Akarudi ndani, na alipotoka alikuwa na kibegi chake. Kabla ya kupanda alitia kidole kwenye cheni kuona kama imepakwa mafuta. Ilikuwa imepakwa.

Na kweli, Bi Mwantumu alieneza kisa hicho pamoja na mihogo yake, mpaka kikawa methali. Fundi akishindwa na nati, anaambiwa hiyo. Mtu akishindwa na mwenzake, kila siku anavuta upande uleule na kushangaa mbona haji, anaambiwa hiyohiyo. Mkiniuliza ni kulia kupi, kwa mkono au kwa macho, nami sijui. Mhando mwenyewe alihitaji kote. Nanyi msimsumbue shangazi yenu. Tangu jana ameshachukua simu mara kadhaa na kuiweka. Leo nimemsikia akimpigia mumewe, na sauti ilikuwa nyembamba.

Kilichokataa kushoto hufunguka kwa kulia.